Mshauri Huru Hana Ndugu

Ofisi ya Washauri, Chuoni
4 Machi

Baba,

Shikamoo. Adabu sijaiacha, ingawa leo ningeiacha hakuna ambaye angenilaumu.

Simu yako inalia tangu mchana nami naiangalia tu. Sipokei. Ukiongea utanichekesha, na nikishacheka nasahau nilichotaka kuuliza. Ndivyo ulivyonishinda tangu utotoni. Kwa hiyo niandikie. Mimi natangulia.

Nilikuwa nimekaa kwenye kona ya meza, naandika kumbukumbu za kikao kama kawaida. Unaijua kazi yangu, au labda huijui, maana kila nikikueleza unasinzia. Chuo kikitaka mtaalamu wa nje kwa kazi moja ya muda mfupi, hatumwajiri, tunamchukua kama mshauri huru: anakuja na ujuzi wake, anafanya, analipwa, anaondoka. Na kwa kuwa hiki ni chuo cha umma, kila mkubwa angependa mshauri huyo awe shemeji yake. Ndiyo maana waombaji wanatufikia kwa namba, majina yamefunikwa mpaka mtu anapoingia mlangoni. Kabla hajaingia wa kwanza, mwenyekiti anatuuliza sisi watumishi, mmoja mmoja, kama tuna mtu wetu miongoni mwao. Niliulizwa. Nikasema sina, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu baba ninayemjua mimi amestaafu uhandisi na yuko nyumbani anagombana na kuku wa jirani.

Akaitwa namba saba, mhandisi wa kukagua paa la maktaba linalovuja. Mlango ukafunguka, ukaingia wewe, na suti uliyovaa siku ya harusi yangu.

Baba, kalamu ilinidondoka. Mwenyekiti akacheka, akasema katibu wetu amechoka. Nikainama chini ya meza kuiokota, na huko chini nikakaa kuliko inavyotakiwa, nasubiri kukusikia ukisema, "Samahani jamani, huyo ni mwanangu." Tungecheka wote, wangekutoa kwa heshima, tungeenda kula. Badala yake nikamsikia mwenyekiti akikuuliza swali analomuuliza kila mtu: "Una mtu yeyote wa damu yako, au wa ndoa, anayefanya kazi hapa chuoni?"

Ukajibu: "Sina."

Hukusita hata kidogo. Nilipoinuka ulinitazama usoni kama unavyotazama ukuta. Nami nikaandika: hana. Jina ninalotumia hapa ni la mume wangu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Sikufungua mdomo, kwa sababu ningeufungua ningekuwa nimesema baba yangu ni mwongo mbele ya watu watano, na hilo lilinishinda. Sasa kazi umeipata wewe. Mimi ikijulikana kwamba nilikutambua nikanyamaza, yangu sina tena. Kanuni yetu haina huruma kwa hilo.

Wewe ndiye uliyenitoa nyumbani kwenye mvua, mtoto mdogo, nikarudishe dukani chenji iliyozidi. Umepatwa na nini?

Binti yako, kama bado,
Chiriku


Nyumbani
9 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Kuku wa jirani wanakusalimu.

Kwanza nikiri ujinga. Tangazo lenu nililiona gazetini. Nikasoma "paa la maktaba", nikasema hili langu, tena liko mji anaokaa mwanangu! Nikapanga nije kimya kimya, nipite usaili, halafu nigonge mlango wako niseme hodi, mshauri wenu huyu hapa. Nilitaka kuona unavyoruka. Wiki kadhaa karibu na wewe, tule pamoja mchana, mumeo nimfunge drafti mpaka akome. Sikujua kwamba ofisi yako ndiyo inayosaili. Unasema nasinzia ukinieleza kazi yako. Basi usingizi umeniponza.

Nilipokuona pale mezani nilikumbuka tangazo la asubuhi. Tukiwa bado kwenye foleni nje tulitangaziwa kwamba watumishi wote wameulizwa, wote wamesema hawana mtu, na atakayebainika kaficha ataondoka siku hiyohiyo. Nikajua nikisema ndiyo nimekuchinja. Nikasema nilichosema.

Lakini uongo sikusema. Hilo niamini, na usiniulize zaidi. Niliulizwa swali, nikalijibu kama lilivyoulizwa.

Nikijitoa sasa watajiuliza kwa nini, wataanza kuchimba. Bora tutulie. Nitafanya kazi, nitalipwa, nitaondoka. Tukikutana njiani nitakuinamishia kichwa kama mgeni. Jikaze, mama.

Wako wa siku zote,
Baba


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje?

Nakuandikia nikiwa nimevurugika. Kaka yako amenikana. Si utani huu, Shangazi. Amesimama mbele ya wakubwa wangu kazini, kwenye usaili, akasema hana mtu wa damu yake pale, na mimi nimekaa hatua chache kutoka kwake. Nikamwandikia nikidhani ataomba radhi. Unajua amejibu nini? Kwamba hakusema uongo! Kwamba nimwamini na nisiulize zaidi. Nimeusoma mstari huo mpaka macho yameuma.

Wewe ni dada yake mkubwa, ulimjua kabla yangu. Siri ya mtungi muulize kata. Mtu kama yeye anawezaje kusema neno kama hilo, na kulirudia kwa maandishi? Nijibu upesi, na usimpigie, maana atakuchekesha na wewe.

Mwanao,
Chiriku


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ileile, mmoja unataka kwenda sokoni, mwingine hautaki.

Kwa hiyo amekuambia! Nimekaa na barua yako mapajani, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Miaka yote hii nilimwambia: mwambie mtoto. Mwambie kabla hajaolewa. Mwambie mama yake angali hai, muwe wawili. Yeye ananijibu kesho, kesho. Halafu anakwenda kuyasema kwenye usaili, mbele ya wakubwa wako! Kaka yangu ni mhandisi, lakini kwenye mambo ya moyo hajui hata kupigilia msumari. Akija hapa atanisikia.

Lakini usimchukie. Ni kweli hakukuzaa, na mama yako naye hakukuzaa. Waulize watu wa mtaa ule wa zamani nani alikubeba mgongoni ulipougua surua, mwanamume mzima na mhandisi wa serikali, anazunguka uani na mtoto mgongoni watu wanamcheka. Yule mshona nguo aliyepanga chumba cha nyuma, masikini, alikuwa binti mdogo, mpole, hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alikufa siku uliyozaliwa. Kaka yangu alirudi kutoka hospitali mkono mmoja ameshika mfuko wa nguo za marehemu, mkono mwingine wewe. Wakasubiri ndugu waje. Hakuja mtu. Na nikuambie kweli, baada ya muda alikuwa akisikia hodi mlangoni anatetemeka wasije wakawa ndio wao.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ila hayo ameshakueleza mwenyewe vizuri kuliko mimi, kwa hiyo sirudii.

Kula, ulale, umsalimie mumeo.

Shangazi yako yuleyule


Kwa mkono wa mhudumu, nyumba ya wageni ya chuo
2 Aprili

Baba,

Najua umefika. Niliona ngazi imeegemea ukuta wa maktaba na viatu vyako juu yake, nikageuza nikapita upande wa pili.

Shangazi alidhani umeshaniambia. Kwa hiyo nimejua: mshona nguo wa chumba cha nyuma.

Barua yake niliisomea jikoni. Mume wangu anasema baada ya hapo nilichukua vyombo vyote kabatini nikavipanga sakafuni, kimoja kimoja, taratibu. Mimi sikumbuki. Sijalia. Nasubiri nilie na hakuna kinachokuja. Kila nikipita kwenye kioo naitafuta pua yako, ile ambayo dunia nzima inasema nimeichukua kwako. Nani aliwaambia waseme hivyo?

Ni kweli? Andika ndiyo au hapana.

Mimi


Nyumba ya wageni
3 Aprili

Mpendwa binti,

Ndiyo.

Nililiandika neno hilo peke yake kama ulivyotaka, nikaliangalia, nikaona siwezi kulituma bila la kulisindikiza.

Ile pua aliianza mama yako. Mtu alimuuliza sokoni mtoto huyu kafanana na nani, naye akajibu haraka haraka, pua ya baba yake hiyo. Watu wakaanza kuiona. Mwishowe na mimi nikawa naiona. Hata leo naiona.

Kwa nini sikukuambia? Niliogopa. Ningependa nikupe sababu ya maana kuliko hiyo lakini sina. Niliogopa kwamba siku ukijua utaanza kunishukuru. Mtoto hamshukuru baba yake kwa kulelewa, anaona ni haki yake, anadai hata zaidi. Anayeshukuru ni mgeni. Ningeweza kuvumilia unitukane. Asante ndiyo iliyokuwa inanitisha.

Siku ile mwenyekiti alipotaja damu, niliona kwamba neno nililolikimbia maisha yangu yote ndilo linaloweza kukuokoa. Nikalitoa. Pale pale halikuuma. Liliuma nilipofika stendi, nikashindwa kumwambia mkata tiketi ninakwenda wapi.

Sina haki ya kukudai kitu. Nisamehe kwa usumbufu wote. Sitakuja kwako mpaka uniite.

Mhandisi


Nyumba ya wageni
2 Mei

Ndugu Katibu,

Salamu. Hujanijibu na sikulaumu. Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea linalokuhusu kikazi, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Ripoti ya paa niliikabidhi, ikapokelewa, nikaambiwa nikachukue hundi. Nimejifunza kwamba mshauri huru halipwi kama mtumishi. Lazima aje mwenyewe dirishani, atambulike, ndipo apewe. Basi nikaenda nikatambulike.

Pale dirishani kuna keshia, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kipaza. Mimi sura yake nilikuwa nimeisahau. Yeye yangu hakuisahau. Aliponiona tu akapiga kofi mezani: "Heee! Baba yake Katibu! Mzee uliyecheza harusini mpaka kiatu kikachomoka! Shikamoo baba!"

Nikaitikia marahaba. Ilitoka kabla sijafikiri. Mtu akisalimiwa anaitikia.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mkaguzi wa ndani, na kikombe chake cha chai. Akakiweka juu ya kaunta polepole, akaniuliza: "Baba yake nani?" Keshia, masikini, anacheka bado, akamjibu kwa jina lako lote. Hundi ikarudishwa ndani. Ndipo keshia akaona nyuso zetu, akaanza kuuliza, "Nimesema nini? Jamani, nimesema nini?"

Usimkasirikie. Alifurahi kuniona.

Nakuomba radhi tena kwa usumbufu.

Kwa heshima,
Mhandisi


7 Mei

Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara neno la kwanza linanishinda, kwa hiyo naanza bila la kwanza.

Nimeitwa kamati ya nidhamu, tarehe 15. Shtaka ni kuficha kwamba mshauri aliyechukuliwa ni mzazi wangu. Adhabu yake unaijua. Keshia alikuja mezani kwangu akapiga magoti, nami nikashuka kitini nikapiga magoti mbele yake.

Chama cha wafanyakazi kimenipa mwanasheria. Nilimweleza yote, na la mshona nguo. Unajua alifanya nini? Alicheka kwa furaha! "Kumbe si baba yako? Si wa damu, na nyaraka za kukuasili hakuna? Basi hakuna kesi, dada, tumeshinda!" Akanipigapiga begani. Nilitamani kumpiga na kiti.

Lakini anachosema ni kweli. Inatakiwa uje useme kwa mdomo wako, mbele yao, kwamba mimi si wako. Mimi nitatakiwa kuthibitisha tu. Mume wangu anasema hilo ni neno moja, na kodi ya nyumba haijui habari za moyo. Anasema kweli pia. Kila mtu anasema kweli siku hizi.

Utakuja?

Chiriku


Nyumba ya wageni
9 Mei

Ndugu Katibu,

Nitakuja. Nitaeleza yote kuanzia mwanzo, pasibaki pa kuuliza.

Wewe usiseme kitu. Ukiulizwa, tikisa kichwa, basi. Kazi hiyo umeisotea tangu ulipokuwa unapiga chapa barua za wengine, na sitakubali iondoke kwa sababu ya mzee aliyetaka kufanya mzaha. Tukimaliza sina haja ya kusindikizwa.

Kwa heshima,
Mhandisi


16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, na sebuleni kuna kelele nitakazokueleza.

Jana tulikaa katika chumba kilekile cha usaili, ila safari hii mtu mwingine ndiye aliyekuwa anaandika. Kaka yako aliingia, akawasalimu wote, alipofika kwangu akasema, "Habari yako, Katibu." Nikasema nzuri. Keshia alikuwa amekaa karibu na mlango kama shahidi, kitambaa mdomoni.

Akaambiwa aeleze. Shangazi, alieleza kama anavyoeleza nyumba, kuanzia msingi. Chumba cha nyuma, cherehani, hospitali, ule mfuko wa nguo. Hakuongeza chumvi popote. Mwishoni akasema, "Sikumzaa. Hana tone la damu yangu. Nilipojibu sina, nilisema kweli, na yeye hakuficha mzazi, kwa kuwa mimi si mzazi wake." Mkaguzi alivua miwani akawa anaishika tu. Keshia aliangua kilio, akatolewa nje, na huko nje tukaendelea kumsikia.

Mwenyekiti alifurahi, naamini hakupenda kunifukuza. Akasema basi jambo limekwisha, hakuna undugu hapa, Katibu athibitishe turudi kazini. Mwanasheria ameshaanza kukusanya karatasi zake. Nikamtazama kaka yako. Alikuwa anaangalia dari kama anayetafuta panapovuja.

Nikasema, "Huyu ni baba yangu."

Mwanasheria akanivuta mkono. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba labda sijaielewa kanuni. Nikamwambia kanuni naielewa, niliichapa mimi. Siku ile mlango ulipofunguka sikumwona mshauri, nilimwona baba yangu, nikajificha chini ya meza na nikanyamaza. Habari za damu sikuzijua. Kwa hiyo kosa nililifanya. Aliyesema kweli siku ile ni yeye peke yake, na kweli yake mimi siitaki.

Mdomo ulikuwa wangu, Shangazi, lakini nilishtuka kama wao. Sikuwa nimepanga. Nilikwenda pale nimeshakubali kutikisa kichwa.

Hawakuchukua muda. Nimeachishwa kazi kuanzia jana. Malipo ya kaka yako yamezuiwa mpaka baraza la chuo likae, na baraza letu si la kukaa haraka. Mume wangu amesema tutabanabana, lakini uso wake umesema mengine.

Nilidhani tukitoka nje baba atanikumbatia. Wapi! Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani kwangu, akavua viatu, akavipanga mlangoni, ndipo akalipuka. Ananigombeza tangu jana. "Mjinga wewe! Nilikuambia utikise kichwa! Kichwa! Nani alikutuma kufungua mdomo? Nimekusomesha ili uje utupe kazi ya pensheni kama ganda la ndizi?" Amemgombeza mume wangu kwa kutonifunga kamba. Ameigombeza chai kwa kukosa sukari. Asubuhi nilidhani kulala kumemtuliza. Aliamka akaendelea palepale alipoachia.

Shangazi, tangu ile barua yako alikuwa ananiandikia kwa heshima kama mtu anayeomba kibarua. Ndugu Katibu. Samahani kwa usumbufu. Sasa hivi anafoka mpaka jirani amefunga dirisha. Nilikaa mbele yake nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chupa ya chai, nasema ndiyo baba, nimekosa baba, na machozi yaliyokataa kuja tangu Machi yakaja yote kwa pamoja. Anadhani nalia kwa sababu ya kazi, na ndiyo maana anazidi kufoka.

Mwanao,
Chiriku